Feni Hupumzika Saa Nane

Jumatatu, 9 Januari

Joto. Juu barabarani nyuzi thelathini na tano. Huku chini, kwenye jukwaa la treni za chini ya ardhi, thelathini na saba – na feni inazunguka. Nimesoma kipimajoto mara nne, nikaandika kwenye daftari la kampuni. Hili daftari lingine ni langu peke yangu.

Nikifumba macho kwenye kibanda changu cha mitambo naisikia injini ya feni inavuma, na kidogo kidogo siko Buenos Aires tena, niko mahali penye maji mengi. Hewa inanipita usoni: vumbi, mafuta, jasho la watu nisiowajua. Inapanda kwenye shimo, inatokea juu kwenye wavu wa kando ya barabara. Miaka kumi na tisa naisukuma hewa hii, na bado huwa najiuliza inaishia wapi.

Saa nne akaja Rosendo na kibuyu chake cha mate, ile chai yetu ya hapa. Majani machungu na maji ya moto, kwenye joto hili! Ana kibanda cha magazeti na biskuti hapo jukwaani. Anasema za chokoleti sasa atauza kwa kikombe. Mimi ananiita Mama Upepo. Ana miaka sitini na mmoja, presha, masikio makubwa. Na mimi, mjane mzima, nasikiliza hatua zake kama msichana. Basi, nimeshaandika.

Jumatano, 11 Januari

Nilipanda kukagua wavu. Mama mmoja alikuwa ananingoja pale, amekalia kiti alichotoka nacho ndani. Edelmira. Dirisha la chumba chao linatazama wavu wetu. Mumewe, mzee Anselmo, mapafu yamekwisha. Usiku hakuna kulala, ni kukohoa tu. Baada ya chakula cha mchana angepata usingizi, ila feni inatikisa kitanda.

Hataki kumshtaki mtu, alisema. Anaomba saa mbili tu, kuanzia saa nane hadi saa kumi. “Daktari ametupa wiki mbili, labda tatu. Hatakusumbua muda mrefu, dada.”

Mama yangu alikufa macho yamewaka kwa kukosa usingizi. Nilikuwepo. Nikamwambia sawa, nikampa namba ya simu ya kibandani.

Saa nane nikazima. Kimya kilichofuata sikukijua. Tone la maji lilikuwa linadondoka mahali fulani ndani ya handaki, pengine kwa miaka yote hii.

Kwenye daftari la kampuni nimeandika: injini inapumzishwa. Uongo. Injini ni nzima kuliko mimi.

Alhamisi, 12 Januari

Saa kumi kasorobo: nyuzi thelathini na tisa. Rosendo akauliza feni ina nini. Nikasema imechoka. Akasikitika kweli, kama nimempa habari za mgonjwa.

Jioni nakuta chupa ya maji, imejaa hadi mdomoni, chini ya tundu la feni pale jukwaani. “Ya nini hii?” nikamwuliza Rosendo.

“Ya Marehemu Correa.”

Yule mama aliyekufa kwa kiu jangwani, mtoto akakutwa hai, bado ananyonya. Madereva wa malori humwachia maji njiani, na baba yake Rosendo aliendesha lori maisha yake yote. “Injini ni injini, Mama Upepo. Ya lori, ya feni, zote zinasikia kiu.”

Nilicheka. Halafu nikaona aibu, nikaenda kusoma kipimajoto ambacho nilikuwa nimeshakisoma.

Jumamosi, 14 Januari

Chupa kumi na moja. Sijui nani ameanza kuwaambia abiria.

Jumatatu, 16 Januari

Chupa arobaini na kitu. Moja ina karatasi: “Pona upesi.” Feni inaandikiwa barua! Nikizima saa nane, wazee wanafanya ishara ya msalaba.

Treni ikiingia, taa zake zinapita ndani ya chupa zote, na ukuta mzima unatikisika kama uko chini ya maji. Nilisimama nikatazama treni tatu. Nilisahau joto. Nilisahau kwamba maji yote haya yameletwa kwa sababu ya uongo wangu.

Edelmira alipiga simu saa kumi na robo. Mzee amelala saa mbili nzima. Ameota farasi.

Nililia kidogo, kwa furaha. Mtu ameota farasi na mimi nina mkono wangu humo.

Jumatano, 18 Januari

Rosendo ameanguka.

Naandika polepole. Saa tisa na nusu, nyuzi arobaini na moja. Alikuwa anakunja gazeti la mteja. Akateremka taratibu nyuma ya kibanda chake, kama anayetafuta kitu sakafuni.

Watu wakaanza: maji, maji! Na chupa zaidi ya sitini ziko hatua tatu kutoka kichwani kwake. Hakuna aliyegusa hata moja. Bwana mmoja aliyevaa tai alinyoosha mkono, mama mmoja akamzuia: “Hayo si yetu, mwanangu.” Wakamtuma mtu apande ngazi akanunue.

Mimi nikafungua tatu. Nikammwagia kichwani, shingoni, kifuani. Wakanitazama kama mwizi wa kanisani. Nikakimbia kibandani nikawasha. Feni ikaamka papo hapo, kwa sauti safi kabisa.

Yule mama akapiga magoti. “Imepona,” akasema. Na wengine nyuma yake, “Imepona, imepona.”

Wakambeba Rosendo juu. Alikuwa anapumua. Simu ya kibandani ililia muda mrefu. Sikuipokea.

Alhamisi, 19 Januari

Rosendo bado hospitali. Sikuzima. Mzee hakulala. Edelmira hakunilaumu, aliuliza tu, “Kesho je, dada?”

Chupa zimeongezeka. Sasa ni za shukrani.

Ijumaa, 20 Januari

Karudi! Daktari alimkataza, yeye kaja na kibuyu chake. Nikamweleza yote: Edelmira, mzee, usingizi, uongo. Akamimina maji ya moto, akanipa mimi kwanza.

“Kwa hiyo mgonjwa wangu, hiyo feni, alikuwa mzima wa afya.”

“Ndiyo.”

“Na huyo mzee, aliota nini?”

“Farasi.”

Akatikisa kichwa. Nikamwambia afunge kibanda hizi saa mbili, akae juu kivulini, mimi nizime. Akanionyesha jukwaa. Treni imechelewa, watu wamejaa hadi ngazini, mama mwenye mtoto mgongoni ameegemea ukuta penye chupa. “Mimi nitapanda. Hawa je?”

Kisha hakupanda. Amekaa kibandani mwake, vifungo vya shati wazi, kitambaa kibichi kichwani. Hasemi zima, hasemi usizime. Ananitazama tu. Nampenda mtu huyu na nilikaribia kumuua.

Nyuzi thelathini na nane na nusu, feni inazunguka.

Saa nane kamili. Edelmira hapigi kabla ya wakati, anangoja dakika tano, ana adabu zake. Nawaza farasi. Nawaza walikuwa wa rangi gani. Sikumwuliza.

Saa nane na dakika tano. Simu inalia. Rosendo ameisikia pia, ameinua kichwa.

Bado inalia. Mkono wa kulia uko kwenye swichi – herufi hizi zimepinda kwa sababu naandika kwa wa kushoto.