Kurudi Kwenye Chuma

Mjukuu wangu Kerem,

Pokea salamu zetu kutoka Mutuini. Nyanya yako yuko shambani anapalilia sukuma wiki, na mama yako mdogo Wanjiru amejifungua msichana. Tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza kama uendelee kuichezea Uturuki jimnastiki, baada ya kuanguka kutoka kwenye chuma cha juu cha kuning'inia na kuumia bega mbele ya watu wa nchi ya baba yako. Acha nikueleze yaliyonipata nikiwa na umri wako.

Kikundi chetu cha sarakasi kilikuwa Kangemi. Siku moja tuliitwa kucheza katika ukumbi mmoja mjini. Niliachia chuma kama hicho chako, nikajipindua hewani, nikakikosa. Nilianguka kifudifudi, ukumbi ukacheka. Mwalimu wetu, Wafula, akainama kando yangu.

"Umevunjika mahali?"

"Hapana. Lakini naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nikuinue ukishike chuma tena?"

Nikamwambia aniinue. Nilijipindua vilevile tena. Mkono mmoja ulishika chuma, kisha wa pili ukafika. Nilitua kwa miguu. Siku zote nilidhani mtu hupanda hofu ikishaisha. Siku ile nilipanda nayo, na mikono ikafanya kazi yake.

Uamuzi ni wako. Daktari akisema bega halijapona, msikilize. Lakini ukipanda kwenye mashindano ya Jumamosi, sote tutakuwa tumeizunguka simu ya Wanjiru tukikutazama. Hata ukianguka, hatutaizima.

Babu yako,
Guka Njoroge