Rimu za Gari la Vitunguu

Baba Watoto,

Ukitoka kwa fundi, chakula kiko kwenye sufuria. Kombe lililo juu ya friji ni langu, watoto wasilinywee maji.

Nilipochagua rimu za inchi kumi na tano ulicheka mpaka ukashika mbavu, eti za gari la vitunguu. Leo asubuhi zako za kumi na nane, na tairi zenye ubavu mwembamba kama mkanda, zimepinda kwenye shimo la kona yetu hata hujafika uwanja wa mbio za magari. Zangu zimepita shimo hilohilo, zikashinda mbio za klabu, na sasa zinampeleka mama yako kliniki.

~~Gari langu usiliguse.~~ Kesho nenda nalo kazini. Wakikuuliza rimu kachagua nani, sema ukweli.

Mama Watoto