Siku Dobi Alipojificha Saluni

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na magoti hayakusumbui. Mimi na mume wangu hatujambo, na mjukuu wako anapiga mateke tumboni usiku na mchana. Daktari anasema atazaliwa katikati ya Mei.

Nataka uwepo, Mama. Nasema waziwazi kwa sababu jibu lako nalijua: duka nitamwachia nani? Siku ya mahafali yangu ulituma shuka mbili zilizopigwa pasi. Zilinyooka vizuri, lakini hazikupiga vigelegele.

Kazi yangu ni kuwauliza wenye biashara ni kitu gani kinaweza kuwasimamisha. Leo nakuuliza wewe. Umeme ukikatika? Maji yakikauka? Moto? Mwizi? Na wewe usipokuwepo?

Mwanao, Bibi Maswali

14 Machi

Bibi Maswali, mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika ila yanatembea.

Umeme ukikatika, ipo pasi ya mkaa. Maji yakikauka, nina mapipa manne uani. Ndoo za mchanga ziko mlangoni. Mwizi naye ataiba nini, soksi za watu?

Swali la mwisho ndilo linalonishinda. Nguo sizitii alama. Miaka ishirini na mbili nalijua kila shati na mwenyewe: kola iliyokwaruzwa na ndevu ni ya mwalimu, mfuko wenye wino ni wa karani. Yote yako kichwani. Shangazi yako anapiga pasi vizuri, simnyimi haki yake, lakini wifi yangu huyo hutafuta miwani akiwa ameivaa. Nikiondoka siku moja tu, mtaa mzima utavaa nguo za jirani.

Nisamehe. Natamani kuja mpaka machozi yananitoka nikikunja nguo za vichanga.

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Jibu umelitoa mwenyewe. Hatari ya duka lako si moto wala mwizi, ni hicho kichwa chako. Kazini huwa tunafanya zoezi: tunajifanya balaa limeshatokea, tunakaa pembeni tunatazama. Hebu toweka siku moja. Shangazi asijue.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mateke bado?

Nimetoweka. Jumanne nilimwambia shangazi yako naenda kung'oa jino, nikavuka barabara, nikaingia saluni. Nikakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, nalitazama duka langu kwenye kioo.

Saa nne mwalimu akaondoka na suruali ya dereva. Saa tano karani akatoka na gauni la mkunga. Nikanyanyuka, msusi akanikalisha. "Mama, wewe uko kwa daktari wa meno."

Basi shangazi yako akawaita wote warudi, akawakalisha kwenye benchi, kila mtu akaonyesha nguo yake. Halafu akatoa sindano. Kila mteja akachagua rangi ya uzi, naye akautia ndani ya kola. Mwalimu kijani, karani njano. Walikuwa wanacheka mpaka wapita njia wakasimama. Hakuna aliyeniulizia hadi saa saba. Moyo uliniuma, sikufichi. Kisha ukawa mwepesi.

Jioni nikaingia na pamba shavuni. Wifi yangu akanitazama. "Pole kwa jino," akasema. "Nywele zimependeza."

Kumbe habari ya nyuzi alinishauri miaka sita iliyopita, nikamwambia aangalie pasi yake.

Mama yako

4 Mei

Mama,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima sasa huandiki. Nimekuandikia mara mbili. Kama umebadili mawazo niambie tu, nitalia kidogo yaishe. Tumbo limeshuka.

Mwanao

11 Mei, asubuhi

Mwanangu,

Sijaandika kwa sababu nilikuwa natia nyuzi. Nguo za mtaa mzima, tumezimaliza juzi. Funguo zote anazo shangazi yako, na amenikataza kurudi kabla mtoto hajaanza kutabasamu.

Barua hii sikuipeleka posta. Naipitisha chini ya mlango wako, maana nimebisha mara tatu na mumeo anakoroma kuliko jenereta. Nje hapa nimekalia sanduku. Njoo ufungue, taratibu, usikimbie na tumbo hilo.

Shuka sikuleta. Safari hii nimeleta vigelegele.

Bibi wa mtoto