Kamba ya Kiuno ya Elysée

Bunia, quartier Nyakasanza, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Mama yangu Alphonsine,

Nakusalimia kwa jina ya Bwana Yesu. Uko muzima? Mugongo iko namna gani, na ile mvua ya Niania? Siye huku tuko, Mungu anasaidia. Marcellin, baba ya mutoto, iko bado ku kazi ya dhahabu kule Mambasa, anatumaka salamu kuliko kitu ingine. Naandika juu rezo ya telefone ya Niania ukiifwata inakimbia, na juu uliniomba uzi ya kipimo, na uzi haipite mu telefone.

Mama, sikia! Ile kazi ya shanga ulinifundisha kwetu ku Bule, sasa batu banakuya kuifundishwa kwangu. Bamama ya kanisa ndio balianza. Nilitandika mikeka mu lupango, inje ya nyumba, nikaweka shanga mu vifuniko ya chupa, kila rangi na yake. Mama Hélène, jirani yangu, yeye alionesha kusuka vitunga. Mwenye anaangusha shanga chini, lazima aimbe. Mama pasta aliangusha, akaangusha tena, tukajua anapenda tu kuimba!

Wakati nilikuwa naogesha Elysée, baliona kamba ya shanga ku kiuno yake. "Débora, hii ndiyo tunataka!" Nikabaelezea sawa vile weye ulinielezea: mutoto akinenepa, kamba inakaza, unaongeza shanga; akikonda, inashuka, unajua mbele ya dokta. Kesho kikundi ya banafunzi ya université banakuya. Nitaitoa ku mutoto, niitundike ku ukuta, ikuwe modèle ya kuiga.

Uzi iko ndani ya barua. Niliipima ku kiuno yake nyuma ya kuoga. Utengeneze kamba mupya vile ulisema.

Mutoto wako,
Débo

—

Niania, tarehe 2 mwezi wa tatu

Débo mutoto wangu,

Barua ilifika na kamiyo ya mizigo, imekunjwa sawa sambusa. Mi niko muzima, mugongo tu inasema yake. Bwana yangu Elysée anasema nini? Umwambie bibi yake ya kwanza hajamusahau, asitafute mwingine ku Bunia.

Uzi nilipokea. Nilinusa: mafuta ya mutoto, ile ya mise, ya mbegu ya muchikichi. Nikalia kidogo, nikacheka. Nimeanza kamba na zile shanga ya buluu tulikimbia nazo vita ya Bule, zilikuwa mu ncha ya kitenge, unakumbuka. Lakini sitaifunga mbele ya kuona uzi ya pili. Mutoto anakimbia kuliko kamiyo, kamba itafika imeshakuwa fupi.

Kazi yako inanifurahisha. Batu bafundishwe. Lakini ile kamba, ukimaliza kuionesha, irudishe ku mutoto. Ukuta haina kiuno.

Mama yako

—

Bunia, tarehe 13 mwezi wa ine

Mama mupenzi,

Salamu mingi, na pole ya mugongo. Siye tuko bazima. Naandika mbio, nimesimama.

Mama, sikaake chini tena! Walimu balikuya, bamama ya kanisa ingine, hata bageni ya ONG, shirika ya musaada, na jeep yao, ilijaza njia mpaka jirani akatukana. Muzungu mumoja alijitoboa kidole na shindano, akaomba aimbe hata kama hakuangusha kitu. Nikilala naona shanga inatembea. Nawaza nikodishe salle, chumba kubwa ya kweli, yenye dirisha. Elysée akue mutoto ya mama yenye iko na salle.

Asubuhi yote anabakia na Mama Hélène, anakunywa uji, mi namunyonyesha nikipata nafasi. Amekuwa mutoto mupole, haliake hata. Anakaa tu, anatuangalia. Bageni banasema niko na bahati.

Kamba iko bado ku ukuta, juu kila kikundi inaiuliza. Nitairudisha. Uzi ya pili ndiyo hii, niliikata haraka, batu balikuwa ku mulango.

Mutoto wako,
Débo

—

Niania, tarehe 11 mwezi wa tano

Mama Elysée, kama ingali jina yako,

Leo sikusalimie. Salamu yote upatie mutoto.

Niliweka nyuzi mbili ku magoti yangu, moja pembeni ya ingine. Urefu moja. Nikazinyoosha tena mbele ya mulango, fasi kuko mwangaza. Urefu moja. Mutoto ananenepa ao anakonda, hasimamake sawa muti ya nyumba. Nikanusa. Uzi ya kwanza ilikuwa na mafuta ya mutoto. Hii inanusa karatasi.

Débo, hukupima mutoto. Ulipima kamba ya ku ukuta.

Na unaniandikia ati haliake, ati mupole! Weye ulikuwa unalia mpaka kuku inahama kwetu inaenda kulala kwa jirani. Mutoto mwenye haliake, mi namuogopa.

Weka hii barua chini. Vua mutoto nguo. Pima yeye.

Mama yako

—

Bunia, tarehe 25 mwezi wa tano

Mama,

Nilipima.

Nilitoa kamba ku ukuta, nikamufungia. Haikubakia ku kiuno. Ilishuka ku matako, ikafika ku magoti, ikaanguka mu mukeka. Kikundi ilikuwa tayari imekaa, bananiangalia. Nikamufunga ku mugongo nikatoka, shindano ingali mu nguo yangu. Mama Hélène akapiga kelele nyuma yangu: "Enda! Enda, mi nitabaimbisha!"

Ku centre de santé, kwa badokta, banapima mukono na kile kipande ya rangi. Ilisimama mu manjano, karibu na nyekundu, rangi ya hatari. Infirmière, muuguzi wao, akaniuliza: "Mama, hukumuona?" Nilikuwa namuona kila siku. Alikuwa mu nguo yake muzuri, juu ya bageni. Maziwa yangu ilipunguka, mi nilisema ni kazi.

Banamupatia ile pâte ya karanga ya kusagwa, ya mu sachet. Siku ya kwanza aliitema. Sasa anailamba ku kidole yangu, polepole. Infirmière anasema tulifika mbele haijakuwa mubaya, narudi kila juma bamupime. Vikundi nimesimamisha. Mikeka imekunjwa, vifuniko ya shanga iko chini ya kitanda. Namushika tu. Nashika mukono yake, napima na vidole, naacha, napima tena. Mama Hélène anasema nitamumaliza na kupima.

Uzi ya kweli ndiyo hii. Ni fupi. Usiiangalie mbele ya batu. Niambie kitu, Mama, hata matusi.

Débo

—

Bunia, tarehe 24 mwezi wa munane

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia, na nauliza: uko muzima? Uko wapi? Tangu barua yangu ya uzi fupi, hakuna jibu. Banasema njia ilifungwa huko mbele ya Komanda, kamiyo ya kwenu inalala Mambasa, na rezo ya kwenu ilianguka. Kila nikisikia kamiyo inapanda, nasimama. Mama Hélène anasema kaa, nakaa, nasimama tena. Leo nimepata motari, mutu wa pikipiki, mwenye anasema atapita. Simujue, lakini iko na uso ya kupita.

Vikundi imerudi, moja tu ku juma. Elysée anakaa ku magoti yangu, ananyonya mbele ya kila mutu, asiyetaka afunge macho. Ukuta haina kitu. Mwenye anakuya kufundishwa kamba ya kiuno, akuye na mutoto yake, apime mutoto, mafuta imuguse mikono. Mwenye hana anapima wangu, kama atamukubali.

Juu sasa analia, Mama! Jana alilia mpaka jirani akauliza kama tunachinja mbuzi. Nikamuambia ndiyo, kuya ukule.

Asubuhi nilitoa kamba mu kabati nikamufungia. Nilivuta huku, nikavuta kule. Ncha mbili hazikutane. Nikavuta tena, akanipiga mukono.

Natuma uzi. Mbele ya kusoma, nusa. Na ile kamba ya shanga ya buluu, hata kama imeshaisha, usiifunge bado. Iache wazi.

Mutoto wako,
Mama Elysée