Robota la Kusainia

Soko la Nguo, safu ya tatu
Jumatano, tarehe 9

Mpendwa Kaka,

Assalaam alaykum. Mguu wako unaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima. Presha ya Mama imeshuka, ila ulimi wake uko palepale. Mimi nina afya na nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako, kwa hiyo kaa chini usome.

Unaukumbuka ule mfuko wa mikopo uliotuletea mwaka juzi, kabla hujasafiri. Ulisema hakuna riba: mfuko unanunua bidhaa, unatuuzia kwa faida iliyo wazi, tunalipa kidogo kidogo. Wanawake kumi na mmoja tukakuamini, sisi tuliokimbia benki kwa kuogopa haramu.

Kila awamu karani wa mfuko hutupeleka mmoja mmoja kwenye stoo ya muuza jumla. Anagonga robota la mashuka: "Hili nimekuuzia." Najibu: "Nimenunua." Papo hapo mwenye stoo analinunua tena kwa bei ya chini, ananipa pesa taslimu, narudi sokoni nikidaiwa na mfuko ile bei ya juu. Nilidhani ndio utaratibu.

Safari hii mashuka yamepanda bei, nikaona heri nichukue mali yenyewe. Nikakodi mkokoteni. Kaka, karani alicheka mpaka akashika mbavu. Mwenye stoo akasema, "Mama, hilo halitoki. Hilo ni la kusainia."

La kusainia! Damu ilinichemka. Nikalitazama vizuri: utando wa buibui juu, panya kalitoboa, namba 47 ubavuni. Mkataba wangu: 47. Baadaye nilipoulizia sokoni, wenzangu wote 47. Hata mwenzetu muuza pilipili, ambaye hajawahi kuuza hata leso ya mkononi, kwenye karatasi kanunua mashuka mara tano. Hiyo ni riba iliyovishwa kanzu, wala msinidanganye tena.

Pale stoo sikubishana nao. Niliuziwa, nikasema nimenunua, basi ni langu. Nikamwambia mwenye mkokoteni apakie. Karani akapiga kelele kwamba naiba. Nikampa mkataba wake mwenyewe ausome kwa sauti, akaupisha mkokoteni.

Tulilifungua sokoni, wote kumi na mmoja. Shuka la juu lilichanikia mkononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Muuza pilipili akalia, na si kwa ajili ya shuka. Miaka miwili amewalisha wanawe akijua ni pesa safi.

Ndipo mmoja akasoma chini ya mikataba yetu ya kwanza: "Nimeshuhudia kwa macho yangu bidhaa ikikabidhiwa." Saini kumi na moja, zote zako. Ulizitia siku moja, sebuleni kwangu, nami nakuongezea chai. Wewe uliyetuzidi sote madrasa, unajua shahidi wa riba naye ana fungu lake la dhambi.

Mwezi ujao tunaitwa kusaini tena. Wenzangu wanataka jibu lako kabla ya hapo, na nitawasomea neno kwa neno. Wameniuliza: kaka yako aliliona hilo robota, au hakuliona? Nimewajibu sijui. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwa ajili yako.

Mama na Shangazi wanakusalimu. Hawajui lolote bado. Wifi mwambie namkumbuka. Mungu akujalie kusema kweli kabla hajakujalia kingine chochote.

Dada yako, anayekupenda na hajapoa.