Kibomoe Kile Kiukuta cha Juu

Makambako

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, mkubwa anasalimiwa hata kama umemkasirikia. Na nimekukasirikia kweli. Hamjambo hapo Mazingara? Wifi anaendeleaje na tumbo lake? Watoto hawajambo? Yule mbuzi mweupe ameshazaa? Na kifua cha mama kikoje? Hapo nataka jibu la kweli, sitaki lile lako la "mama yuko poa". Mimi mzima. Baridi ya huku inanipasua midomo, ila kazi ipo na nakula nashiba.

Nimeandika karatasi kwa sababu simu zangu unakata. Nikituma sauti husikilizi. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Nampa konda wa basi la Arusha, anaiacha Segera kwa Issa wa bodaboda, na Issa nimemwambia asiondoke hapo nyumbani mpaka aone umeifungua.

Sasa tuongee.

Wifi alinitumia picha ya nyumba. Nilikuwa saiti, nimetua ndoo ya zege, nikakaa juu ya mchanga nifungue vizuri. Nikaona rangi ya krimu, madirisha ya grili, mlango wa mninga. Nikafurahi, wallahi nikawaita wenzangu, "Njooni muone kwetu!" Halafu nikaikuza picha. Nikaikuza tena. Kaka, paa liko wapi?

Paa la kuficha. Mazingara. Umepandisha ukuta mpaka ukalipita bati, bati limejificha ndani kama hela kwenye pindo la kanga, nyumba kwa nje inaonekana boksi. Ndiyo, Korogwe mjini wanajenga hivyo, nimeziona. Wanajenga kwa blok na zege, na bado zinawavujia! Wewe umejenga kwa tofali za udongo, tena umezichoma kwa haraka kuni hazijatosha, umeziunga kwa tope, kisha umezisimamisha juu kule zinyeshewe kichwani. Tofali lisiloiva likikutana na mvua ni biskuti kwenye chai. Na hizo za juu najua ulizitoa wapi. Ni zile za pembeni ya tanuru, zile za rangi ya maboga, maana nzuri uliziwahisha chini. Kweli siyo kweli?

Siku ile ulipopokea simu mara moja tu, nilikuuliza kwa adabu. Unakumbuka ulinijibu nini?

"Zaina, wewe umeenda huko kuuza chapati, leo umeshakuwa injinia?"

"Sijawa injinia, kaka. Nauliza maji ya bati yanatokea wapi."

"Fundi Swedi ameacha tundu kwa nyuma."

"Tundu moja?"

"Sasa unataka mangapi? Nyumba siyo chujio hii!"

Nikawasikia wenzako wa kijiweni wanaangua kicheko, mmoja anasema, "Mwambie arudi aje apike!" Ukakata.

Haya, chapati niliuza, ni kweli. Niliuza kwenye saiti, na nilikuwa nikimaliza kuuza siondoki. Nilisimama nikaangalia wanavyonyoosha ukuta kwa pimamaji, wanavyofunga lenta, nikauliza mpaka wakachoka kunifukuza. Usiku nikatazama video mpaka bando ikaisha. Leo napiga plasta na mtu akiingia hajui ukuta upi wangu na upi wa fundi. Hakuna aliyenipa cheti. Na wewe fundi wako Swedi cheti anacho? Ana kofia tu.

Nikwambie kilichotokea hapa hapa. Kuna tajiri mmoja wa mbao, nyumba yake ni blok, zege juu, paa la kuficha, kila kitu. Tuliitwa kwake baada ya mvua. Jani la parachichi, kaka, majani mawili matatu, yalidondoka juu ya bati yakaenda yakaziba tundu. Maji yakakosa pa kwenda, yakajaa kule juu kama bwawa, yakapanda yakavuka bati, yakaingia ndani. Dari yote ya jipsam ikaja chini, ikalalia makochi. Mimi ndiye niliyekwangua ukungu kwenye zile kuta. Nilikohoa wiki nzima na sina pumu. Mama anayo! Na nyuma ya hiyo nyumba yako kuna mwembe unamwaga majani mwaka mzima. Ulimuuliza Swedi tundu litasafishwa na nani? Mama apande ngazi?

Halafu nikampigia mama. Unajua alivyo, anakufunika.

"Nyumba nzuri mwanangu, inang'aa. Watu wakipita wanasimama kupiga picha."

"Ndani umeingia?"

"Nimeingia. Nzuri. Ila ukuta wa chumba changu unatoka jasho."

"Jasho gani, mama?"

"Ukiugusa unalowa mkono. Ni ile mvua ndogo ya juzi. Kaka yako anasema utakauka. Usimsumbue, mwanangu, amehangaika sana mwenzio."

Mvua ndogo! Manyunyu tu, ukuta umelowa mpaka ndani. Masika je? Na wewe umeshaalika watu kwa kisomo Ijumaa, mama ahamie, mtu ale pilau, watu wapige picha. Na sasa hivi mama analala jikoni na moshi kwa sababu nyumba ya baba uliibomoa kabla hii haijaisha. Ulikuwa unakimbilia wapi?

Ile nyumba ya baba unaicheka, ya fito na udongo. Lakini upenu wake, unakumbuka? Ulitoka nje mkono mzima na zaidi. Mvua ikinyesha mbuzi wote wanajibanza chini yake na ukuta haulowi. Mama alipukuchulia mahindi pale, alipokea wageni pale, kila anayepita njiani lazima atamke salamu. Baba hakuwa na video. Aliona maji yanavyoanguka akayafuata, basi. Kwenye boksi lako mama atakaa wapi? Sebuleni, anaangalia ukuta unavyotoka jasho?

Sasa sikiliza, maana hasira tupu haijengi.

Kile kiukuta cha juu kibomoe. Chote, mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Lenta usiiguse, ndiyo inayoifunga nyumba isifunguke. Tofali utakazotoa zigonge moja moja kwa nyingine. Inayolia kama bakuli weka pembeni, ina kazi. Inayotoa sauti ya muhogo mbichi tupa kwenye shimo la njia. Kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zimelala mno, ziinue katikati ili maji yakimbie, yasitembee kama yanaenda msibani. Na uzirefushe zitoke nje ya ukuta mkono mzima, pande zote, na mbele zaidi, upate baraza. Mabati ni yale yale, yatakayopungua utaongeza. Matundu ya zamani ya misumari yazibe vizuri, na misumari mipya iwe na mpira, uipige kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni ambako maji yanapita. Nguzo za baraza zipake oili chafu chini kabla hujazisimamisha, mchwa wa kwetu unawajua, hawana salamu wale.

Plasta ya chini, kuanzia usawa wa kifundo cha mguu mpaka gotini, ibandue. Umepiga saruji na rangi juu ya tofali mbichi, maji yamefungiwa humo hayana pa kutokea. Acha ukuta uwe wazi mpaka ukauke. Mdomo wako ukikwambia umekauka usiuamini, funga kipande cha nailoni ukutani, kandokando kibane kwa tope. Asubuhi ukikuta ndani ya nailoni kuna matone, bado. Na ule udongo mliolundika nje ukutani uondoe, chimba mfereji, maji yaende shambani. Msingi uonekane. Nilipoikuza picha sikuuona msingi, nyumba imekaa chini kama mtu aliyechoka.

Joto nalo. Bati bila dari kwa kwetu ni kikaango. Usinunue jipsam. Nenda Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, omba ile milingoti mirefu inayobaki maua yakiisha. Ni myepesi, ndani ina sponji, joto halipiti hovyo. Ipasue katikati, ipange chini ya kenchi, ifunge kwa kamba ya huo huo mkonge. Kati ya dari na bati acha nafasi hewa ipite, na chini ya upenu acha matundu yenye wavu popo wasiingie. Mama atalala mchana wa jua kali bila kujipepea. Hii sijaitoa kwenye video, nimeiwaza mwenyewe nikiwa nimebeba ndoo, na hapa saiti nimeijaribu kwenye banda la mlinzi. Mlinzi sasa hataki kutoka nje!

Kila mvua kubwa ikiisha, zunguka nyumba. Ukiona ufa, upake tope jembamba juu yake. Tope likipasuka tena, ufa unatembea, niite. Lisipopasuka, umelala. Hiyo haihitaji fundi, inahitaji macho.

Najua kinachokuuma. Wewe ndiye wa kwanza Mazingara kuwa na paa la kuficha, vijana wanakuja kujipiga picha pale mbele, na ukikibomoa watakucheka. Watacheka, sikudanganyi. Watasema Hamisi ameamrishwa na mdogo wake muuza chapati. Wacheke! Hao wanaopiga picha hakuna hata mmoja atakayemshika mama mgongo akikosa pumzi.

Nisalimie wifi, na wifi, kama ni wewe unayemsomea mama barua hii, usiruke mahali. Wasalimie watoto, waambie shangazi anawaletea masweta ingawa huko hawayahitaji. Msalimie mjomba, yule mwenye ngazi ndefu, mwambie Hamisi akija kuiazima asimnyime. Mama Pili jirani mwambie asante kwa kumpa mama blanketi la pili, nimesikia. Mama mshike mkono kwa niaba yangu.

Kisomo kifanye Ijumaa, wageni umeshawaita, sikukatazi, dua haina ubaya. Ila mama asihamie. Akalale kwa Mama Pili, nimeshaongea naye. Wewe hamia. Peleka godoro lako chumba cha mama, uliweke pale pale kitanda chake kilipopangiwa, kichwa kielekee ukuta ule, na ukae humo mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Usihame chumba. Ukiamka mkavu, nipigie, nitakuja kwa basi nikuombe radhi pale kijiweni mbele ya wenzako wote, wasikie.

Ukiamka umelowa, usinipigie. Panda ngazi.

Mdogo wako anayekupenda na amekukasirikia,
Zaina