Shemise ine za papa Léa

Siku ya kwanza, tarehe 7 mwezi wa kumi 2024

Train ya Lubumbashi itapita hapa Kamina siku ya posho, ile ya sita ya juma, tarehe 19. Naandika nisisahau. Na nione kama bwana yangu, papa Léa, atapanda ao atakimbia.

Muganga wa macho alisema wazi: jicho yake ya kuume imekwisha kufa. Ya kushoto ingali, lakini ipasuliwe mbele ya Noeli, kama hapana nayo itakufa. Mutoto wetu Léa, kule Lubumbashi, amekwisha kupanga yote. Kitanda, muganga, siku. Kunabaki tu muzee kupanda train.

Na muzee anasema: "Nimalize kwanza moteri."

Moteri! Ile motokari nyekundu ya bantu babili tu, Alfa, muzungu mumoja aliiacha ku base ya baaskari, na bwana yangu aliikokota mpaka hapa wakati alikuwa fundi ku depot ya train. Imelala chini ya bâche, ile turubai, miaka na miaka, kuku zangu zinataga mayai ndani. Sasa njo anaikumbuka! Ameifungua kipande kipande, ametandika mu lupango muzima, kiwanja yote ya nyumba. Nafasi ya kupita hakuna.

Miye siko mujinga. Ni woga. Muntu aliyetengeneza mabreki ya train miaka makumi tatu anaogopa kisu kidogo ya muganga.

Nikamwambia: "Basi tumalize pamoja. Niko na mikono mbili, na macho mbili yenye kuona."

Akacheka. Ati moteri haiko sufuria.

Tutaona.

Siku ya tatu, tarehe 9

Iko sufuria! Ile kifuniko ya juu ya moteri ni alimini, sawa kabisa na sufuria yangu ya bukari, ya ugali. Ilikuwa nyeusi, mafuta ya zamani imekaukia juu sawa ngozi.

Bokungu alikuja kufungua bulon, zile boliti zenye kukaza. Ni jirani yetu, askari wa base, muntu wa Équateur, mikono sawa mapaja. Aliona kifuniko akasema tuitumbukize mu soda yangu ya sabuni, itatoka safi. Nikapiga kelele! Napika sabuni ya ngazi, ya mafuta ya mawese, tangu Léa akiwa mu tumbo. Soda inakula alimini. Inatoa povu, inakula, kesho unakuta tundu.

"Mama, unanikaripia sawa kapita wa kazi!"

"Kwenu kule munapikaga sabuni mu nini?"

"Kwetu tunanunuaga."

Nilicheka mpaka mbavu ikauma. Muntu mukubwa hivi!

Nikaosha na maji ya moto na sabuni. Kisha majivu ya kuchunga. Kisha papeveri, karatasi ya musasa, yenye kulowana, ile ya nguvu, kisha ile laini, kisha kipande ya kikwembe, kitenge ya zamani. Mukono ilichoka, moyo hapana. Chini ya weusi maandiko ikatokea, imesimama sawa kovu. Nikaisoma na kidole: A, L, F, A. Masomo sikukanyaga hata siku moja, ni bibi ya pasta alinifundisha herufi wakati mvi ilikuwa imejaa kichwani. Lakini nilisoma.

Papa Léa akaleta uso karibu mpaka pua ikagusa. Kisha:

"Ni sufuria ya bukari ya mufalme."

Siku ya tano, tarehe 11

Nimeharibu.

Asubuhi, mbele ya kwenda kutafuta joint za kuziba moteri kwa rafiki zake ba depot, aliniita: "Mama Léa, shemise zangu ine, uzioshe. Lakini usichanganye, kila moja ibaki na yake."

Niliwaza: shemise ni shati, na yake nini? Pantalon, sivyo? Haya. Nilitafuta bassin yangu ya kufulia. Nikakuta ametia mabomba ine ya chuma ndani, na pistoni zake. Nikamwaga yote chini, ju ya gunia. Nikaosha shemise ine, nikatia amidon, wanga ya muhogo, nikapiga pasi ya makala ya moto. Kila moja na pantalon yake. Nilijiona muke mwema!

Anarudi. "Shemise iko wapi?" "Ku kamba." Anakwenda na mikono mbele. Anagusa kitambala. Anagusa tena. "Mama Léa... hizi ni nguo."

Kumbe ile mabomba njo mafundi wanaita shemise! Ile pistoni inatembea ndani. Na kila pistoni imezoea shemise yake tangu moteri ilizaliwa. Ukiivalisha ya mwenzake, ni sawa muntu kuvaa kiatu ya jirani. Itakunywa mafuta, itatoa moshi, itakufa.

Niliomba musamaha. Yeye akaketi, akasema: "Basi. Train hii hapana. Sasa ni kazi ya miezi."

Na alitabasamu! Nilimuona. Amekosa moteri, amepata pa kujificha.

Siku ya posho, tarehe 12

Hatusemezani. Lakini amevaa shemise moja. Ile ya nguo. Imemupendeza, lakini sitamuambia.

Siku ya kwanza, tarehe 14

Nilipanga yote ju ya meza. Shemise ine, pistoni ine. Nikamuita.

"Funga macho," nikasema.

"Imekwisha kujifunga, mama."

"Basi tumia mikono. Ile mikono ilinitafuta mimi pa giza, haikukosa pahali."

Alicheka, muzee mubaya. Akatia kidole ndani ya ile ya kwanza, ukucha ikatembea polepole. Akanusa. Akageuza pistoni, akairudisha, akachukua ingine. "Hii ni ya tatu. Iko na mukwaruzo. Ni mimi niliikwaruza, mwaka Léa alizaliwa, nilikuwa nimelewa." Mbele bukari haijaiva, ine zote zilikuwa na zake. Nikachora namba na vernis, ile rangi ya kucha mujukuu wetu aliacha hapa. Moja, mbili, tatu, ine. Nyekundu. Namba najua vizuri!

Pale njo akafahamu ameimaliza ile kazi ya miezi yeye mwenyewe. "Umenikamata."

"Ee."

Akashika mukono yangu. Harufu ya petroli. Akasema chini chini: kama muganga anakosa kule, sitaona tena uso yako.

"Uso yangu unaijua," nikasema. "Imekwisha kuzeeka. Haupotezi kitu."

Nikaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nilitwanga mpaka ikawa maji.

Siku ya ine, tarehe 17

Yote imerudi ndani. Bokungu anakaza, papa Léa anaweka sikio: "Kidogo tena. Simama!" Miye natoa bulon moja moja, zimeoshwa zote, zinalala mu sahani sawa samaki. Kifuniko imekaa juu. Inawaka sawa jua! Jirani banakuja kuangalia. Nawaambia: musiguse.

Siku ya tano, tarehe 18

Imelia! Vidye wami, Mungu wangu! Batteri ni ya Bokungu. Ilikohoa, ikatapika moshi, kuku zikaruka ukuta, kisha ikaimba. Papa Léa aliweka kiganja ju ya kifuniko. "Sikia, mama Léa! Sikia!" Nilicheza na Bokungu mu lupango, na magoti yangu hii!

Nimefunga valizi. Shemise ine, Biblia, samaki ya kule Mulongo kwa Léa.

Siku ya posho, tarehe 19

Élisha, muntu wa gare ya train, alipiga telefone: train ilitoka Kaniama usiku, iko karibu. Valizi iko pa mulango. Bokungu anangojea na pikipiki.

Papa Léa alikuwa amevaa, amechana nywele. Akawasha moteri mara moja tu, ati kuiaga. Akainamisha kichwa. "Kuna kitu inalia ndani." Mi sisikii kitu. Bokungu hasikii kitu. Yeye amevua koti, anataka kufungua kifuniko. Anatafuta funguo ya kufungulia bulon, ile ya kumi na tatu.

Funguo ya kumi na tatu nimeikalia. Ni baridi.

"Haujaiona, mama Léa?"

"Sijaiona."

Anapapasa ju ya meza. Chini ya meza. Mu sahani. Ku benchi. Nainama, naandika, sawa muntu mwenye kazi.

Train inapiga honi kule mbali.

Sasa amesimama mbele yangu. Kiganja yake iko ju ya bega yangu.

"Simama kidogo, mama Léa," anasema.

Sisimami.